Shati la Pili Halikai Mgongoni

Simama asubuhi kando ya barabara yoyote inayoingia Dar es Salaam, uwatazame wanaotafuta riziki kwa baiskeli. Muuza samaki anayetoka Feri amefunga tenga nyuma. Muuza mikate ana sanduku la mbao. Mwenye mkaa ameweka magunia yanayompita kimo, na akifika kwenye mwinuko anashuka na kusukuma. Mizigo yao ni mbalimbali, lakini migongo yao yote ni mitupu. Halafu anapita mfanyakazi wa ofisini. Baiskeli yake ni nzuri kuliko za hao wote, mzigo wake ni shati, suruali na chakula cha mchana, na huo mzigo mdogo ameuning'iniza mabegani. Akifika kazini na kuvua begi, mgongoni pana ramani ya jasho.

Nataka kusema na huyu wa mwisho. Awaige wale watatu: mzigo aubebeshe baiskeli, yeye abaki na kazi ya kukanyaga pedeli. Nguo za kubadilisha ni nyepesi kuliko tenga la samaki, na karibu kila kinachohitajika kuzibeba kinapatikana kwa fundi baiskeli wa mtaani, sokoni, au kwenye kabati lako mwenyewe.

Mwili hupoa jasho linapokauka. Pwani hewa imejaa unyevu, na miezi ya kuanzia Desemba hadi Machi jasho hukauka kwa shida hata pasipo kizuizi chochote. Msaada mkubwa alio nao mwendesha baiskeli ni upepo anaoutengeneza mwenyewe kwa mwendo wake. Begi likikaa mgongoni linaibana fulana kwenye ngozi, upepo haupiti, na eneo zima kuanzia mabegani hadi kiunoni linabaki linachemka. Mbaya zaidi, jasho hilo linapenya kitambaa cha begi na kulifikia lile shati safi ulilolibeba ili usinuke jasho.

Uzito nao hauishii mabegani. Unashuka kwa uti wa mgongo mpaka kwenye siti, kwa hiyo makalio ndiyo yanayolipa. Wengi wanaolalamika kwamba siti ya baiskeli yao ni ngumu wangepata nafuu kubwa kwa kuvua begi kabla ya kwenda kununua siti nyingine. Tena kuna vishandu. Hawa wanaopora kwa pikipiki huvuta mkanda wa begi bila kujali nani kalivaa. Mtembea kwa miguu ataburuzwa, wa baiskeli ataangushwa katikati ya magari.

Kwa mwendo wa dakika kumi kwenye baridi ya Njombe au Lushoto, vaa begi lako, hakuna atakayekulaumu. Wengine wote tuendelee.

Kabla ya kutafuta pa kuweka nguo, punguza nguo. Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo watu wanaporuka haraka kwa sababu hapana kitu cha kununua. Anza na viatu. Jozi ya viatu vya ngozi vya mwanamume hukaribia kilo moja, haikunjiki, na soli zake huchafua kila zinachokigusa. Viatu vilale kazini, chini ya meza. Mkanda wa suruali, kitana, kopo la mafuta, sabuni na manukato vilale huko huko. Suruali mbili za rangi iliyokoza zinaweza kukaa kwenye henga nyuma ya mlango kwa wiki nzima bila mtu kujua kwamba hazijarudi nyumbani. Kisha chagua siku moja katika wiki ambayo hutapanda baiskeli, uitumie kupeleka mashati yaliyopigwa pasi na kurudisha machafu kwa daladala au mwendokasi. Kama kuna dobi karibu na ofisi, shida imekwisha: mashati yako hayana sababu ya kuijua nyumba yako.

Najua si kila mtu ana kabati kazini. Mwalimu anayegawana meza na mwenzake, muuguzi wa zamu, kijana aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, hawa hubeba kila siku. Hata hivyo mzigo wao ukihesabiwa vizuri ni mdogo: shati au blauzi, ambayo ni kama gramu 200 hivi, suruali au sketi inayoweza kufika gramu 500, nguo za ndani, soksi, na kitu cha kujikaushia. Taulo kubwa la pamba liache nyumbani. Ni zito, linajaza mfuko, na likilowa halikauki mpaka jioni. Kanga moja inafanya kazi hiyo hiyo kwa uzito mdogo, inakauka ikitundikwa dirishani, na kabla ya kujifutia umeshaitumia kufungia nguo zote. Jumla hapo haijafika kilo moja na nusu. Chupa yako ya maji ya lita moja na nusu ni nzito kuliko hayo yote.

Mwaka 1884 Thomas Stevens aliondoka San Francisco juu ya baiskeli ya zama zile, yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, akaizunguka dunia hadi Yokohama alikofika Desemba 1886. Kwenye mfuko wa usukani alianza safari na soksi, shati moja la akiba, koti la mvua lililokuwa pia hema na shuka lake, na bastola. Bastola achana nayo. Lakini kama shati moja la akiba lilimtosha mtu kuanzia safari ya mabara matatu, kutoka Mbagala hadi Posta linatosha.

Kitambaa kina usemi wake katika jambo hili. Kitani ni kizuri machoni, lakini kikikunjwa nusu saa kinatoka kimejaa mistari. Pamba tupu nayo hujikunja, ingawa si kwa kiasi hicho. Mchanganyiko wa pamba na poliesta, ule ambao wazee wetu waliuita tetroni na kushonea suruali za kazini, huvumilia kukunjwa na kutoka ukiwa na adabu. Shati la kitenge ni bora kuliko yote kwa kazi hii, maana maua yake huficha mikunjo, na ofisi nyingi siku hizi huliruhusu angalau Ijumaa. Nguo ya njiani ni habari nyingine kabisa. Usiendeshe baiskeli na shati la kazini ukitumaini kwamba leo hutatoka jasho. Vaa jezi nyepesi ya mpira, ile inayokauka haraka, ambayo sokoni kwenye mitumba haikosekani. Ya Simba au ya Yanga, shauri yako. Nyekundu na njano zote madereva wanaziona.

Sasa ufungaji wenyewe, na hapa sitakwenda haraka, kwa sababu shati likifungwa vizuri asubuhi hutamhitaji tena mtu wa pasi. Tandaza kanga kitandani. Juu yake weka suruali, imenyooshwa kwa mistari yake ya pasi, kiuno kikiwa katikati ya kanga na miguu ikitoka nje upande mmoja. Funga shati kifungo cha shingoni, cha tatu na cha mwisho, ulilaze kifudifudi juu ya suruali, kola ikielekea kwenye kiuno. Katikati ya mgongo wa shati weka soksi, chupi na fulana, umezikunja pamoja ziwe donge bapa la ukubwa wa mkate. Soksi moja usiitie humo: iviringishe uiweke ndani ya kola ili kola isibonyee. Rudisha mikono ya shati juu ya lile donge, mmoja baada ya mwingine, kisha pandisha sehemu ya chini ya shati izunguke donge. Mwisho zungusha miguu ya suruali juu ya yote. Utaona kwamba hapana mahali nguo imekunjwa kwa pembe kali. Kila kitu kimezunguka kitu laini. Funga kanga kwa pembe zake mbili mbili, usikaze sana. Hilo ni furushi la kawaida, la mtu yeyote aliyewahi kusafiri na mama yake, ila limepangwa kwa akili zaidi ndani.

Wenye haraka huviringisha tu shati kuanzia chini hadi kwenye kola na kulisokomeza. Kwa fulana na jezi hiyo inatosha. Kwa shati la kazini hapana.

Furushi likiwa tayari linakwenda kwenye keria. Baiskeli za Phoenix, zile za Shanghai zilizojaa nchi nzima, hutoka na keria ya chuma inayobeba mtu mzima, kwa hiyo mwenye nayo hana la kutafuta. Baiskeli za gia za mitumba mara nyingi huja bila keria. Nenda kwa fundi, uangalie kwanza kama karibu na ekseli ya nyuma fremu ina vitundu vya kufungia. Vikiwapo, keria ya kawaida itafungwa kwa boliti nne na utaisahau. Visipokuwapo, fundi atatumia vibanio vya kuzunguka bomba la fremu, navyo vinafaa kwa mzigo wa nguo. Ipo pia keria inayobana kwenye bomba la siti peke yake, bila miguu ya kushuka hadi kwenye ekseli. Hiyo usiipe zaidi ya kilo chache, kwa sababu kila shimo la barabara huigeuza kidogo kidogo mpaka siku moja inalala juu ya tairi. Yoyote utakayochagua, mwombe fundi aweke nati zenye plastiki ndani, maana za kawaida hulegea kwa mtikisiko, na boliti ya keria ikidondoka huwezi kuisikia.

Kamba ya kufungia ni mpira wa tyubu. Sijaona kifaa cha dukani kinachoushinda. Fundi yeyote ana tyubu iliyokufa. Mwambie akukatie utepe wa upana wa vidole viwili, urefu wa kama mita mbili. Loweka, sugua kwa sabuni, anika, kwa sababu tyubu mpya kukatwa ina unga na weusi unaohamia kwenye nguo. Kisha weka kipande cha boksi au cha gunia juu ya keria ili kutu na mafuta visiguse kanga. Anza kwa kutia kitanzi kwenye bomba la nyuma kabisa la keria. Vuta mpira mpaka uusikie unakataa, upitishe juu ya furushi kwa mshazari, uuzungushe chini ya bomba la mbele, urudi kwa mshazari wa pili ili mipira ikutane katikati kwa alama ya msalaba. Zungusha mara nyingine ukipita katikati ya furushi. Mwisho wa mpira usiufunge fundo, maana fundo la mpira ulionyooka ukija kulifungua jioni litakutoa kucha. Uchomeke chini ya mzunguko wa mwisho, mvutano wenyewe utaushika.

Halafu kamata furushi, si baiskeli, ulitikise kwa nguvu. Baiskeli nzima ikitikisika pamoja nalo, ondoka. Furushi likicheza peke yake, fungua uanze upya. Hakikisha hakuna ncha ya mpira, pindo la kanga wala mkono wa shati unaoning'inia. Ncha hiyo ikiingia kwenye spoku au kwenye meno ya cheni, gurudumu la nyuma linaganda ghafla, na aliye nyuma yako huenda ni basi. Kwa sababu hiyo hiyo sizipendi zile kamba za mpira zenye kulabu za chuma kwenye ncha zinazouzwa barabarani. Kulabu ikichomoka inarudi kwa kasi, na ikikukosa jicho itatafuta spoku.

Mwenye kuendesha kila siku atachoka na furushi baada ya muda na kutaka begi la kudumu la kuning'inia ubavuni mwa keria. Ya Ulaya yapo, na yana sifa kwa haki. Hartmut Ortlieb wa Ujerumani alianza kuyatengeneza mwaka 1982 baada ya safari ya baiskeli ya mvua nyingi huko Uingereza, alipowaza kwamba kama turubai linazuia mvua isiingie kwenye mzigo wa lori, linaweza kuzuia isiingie kwenye nguo zake. Miaka 11 baadaye, mwaka 1993, ndugu wawili wa Zürich, Markus na Daniel Freitag, walianza kushona mabegi ya waendesha baiskeli kwa maturubai makuukuu ya malori, tyubu za baiskeli na mikanda ya usalama ya magari. Leo mabegi hayo huuzwa kwa bei ya kushangaza. Ninayasimulia haya kwa sababu turubai kuukuu, tyubu na mikanda ya gari vimejaa Gerezani na Buguruni, na fundi anayeshona viti vya magari na vifuniko vya malori ana cherehani inayopita humo bila kulalamika.

Mpelekee vipimo, usimwambie tu "nishonee begi la baiskeli." Urefu wa kwenda chini sentimita 35, upana 30, kina 13 au 14. Upande unaoelekea gurudumuni uwe na kipande cha plaiwudi nyembamba au cha plastiki ngumu kilichokatwa kwenye pipa bovu, ili begi lisijikunje na kuingia kwenye spoku. Juu ya upande huo ziwekwe kulabu mbili imara za kushika bomba la keria, na chini utepe wa tyubu wa kunasa karibu na ekseli ili begi lisirukeruke. Mdomo uwe mrefu, wa kukunjwa mara tatu kwenda chini na kubanwa kwa mkanda. Mwombe asogeze kulabu mbele kidogo ya katikati, ili begi zima likae nyuma zaidi. Ukilisogeza mbele, kisigino chako kitaligonga kila unapozungusha pedeli. Jaribu kabla ya kulipa: panda, zungusha pedeli kwa kurudi nyuma ukiwa umevaa viatu unavyotumia, utazame kisigino. Ashonee pia kipande cha utepe unaong'aa ukimulikwa na taa, upande wa nyuma.

Neno moja la tahadhari juu ya turubai: haliruhusu maji, lakini sindano ya fundi imelitoboa kila mahali palipo na mshono. Mabegi ya viwandani kama ya Ortlieb huunganishwa kwa joto, hayana matundu hayo. La kwako litahitaji mfuko wa ndani.

Mfuko huo ndio utakaokuokoa masika, na vuli pia, liwe begi la turubai au furushi la kanga. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Juni 2019, na ni vizuri, lakini ilituacha wengi tukiuliza nguo tutazikinga na nini. Jibu lililo karibu ni ule mfuko wa plastiki nzito unaokuwa ndani ya baadhi ya salfeti za kilo 50 za sukari. Muuza duka anayefungua salfeti kama hiyo hana kazi nao. Uoshe, uanike, uangalie kama hauna tundu kwa kuupulizia hewa. Kaa mbali na wa mbolea; harufu yake haitoki, na hujui kilichobaki kwenye mikunjo. Tia nguo, kaa juu yake kidogo hewa itoke, kunja mdomo mara tatu au nne, kisha funga kwa kipande cha tyubu. Ukikunja mara moja tu maji yatapata njia.

Maji ya juu ni nusu ya shida. Nusu nyingine inatoka chini, kwenye tairi la nyuma, ambalo hurusha tope kwa mstari ulionyooka hadi kwenye keria na mgongoni mwako. Madigadi ndefu inayofika karibu na ardhi hulimaliza jambo hilo. Waliozivua madigadi ili baiskeli ionekane ya mashindano wataelewa ninachosema ifikapo Aprili.

Kuna sehemu nyingine za baiskeli zinazobeba nguo, ingawa mimi ni mtu wa keria. Usukani unapokea mfuko mwembamba ulioviringishwa, almuradi usibane waya za breki na za gia, wala kugusa tairi la mbele unapokata kona. Ndani ya pembetatu ya fremu unaweza kuning'iniza mfuko bapa. Weka huko vizito, kama kufuli, pampu na spana, na uuache mwembamba ili magoti yasiusugue. Chini ya siti panatosha soksi na nguo za ndani. Zile baiskeli za mitumba za Kijapani zina kikapu mbele, nacho ni kitamu kwa uvivu: unatupia tu na kuondoka. Kwa nguo nyepesi hakina neno. Kikijazwa vizito usukani unageuka wenyewe ukisimama, na kwa kuwa kiko wazi, mfuko unaovutia macho hautakaa humo hadi jioni. Kifunike kwa kanga au wavu wa mpira, na simu isiwe humo kamwe.

Kina dada na kina mama wengi wanaoendesha kwenda kazini hubeba zaidi, na si kwa kupenda: sidiria ya kubadilisha, mtandio, pini, pengine viatu vya kisigino. Lakini mwanamke anayevaa baibui ana njia rahisi kuliko sisi wote. Baibui la kitambaa chepesi halijikunji, likiviringishwa linaingia kwenye mfuko wa chini ya siti, na akifika linavaliwa juu ya nguo kavu zozote. Wa sketi au dera abebe nguo hiyo badala ya kuivaa njiani. Kama lazima aivae, amwambie fundi aweke wavu kwenye nusu ya juu ya gurudumu la nyuma, pande zote mbili, na kifuniko cha cheni. Pini, vifungo na hereni viwekwe kwenye kikopo kidogo kilichofungwa, maana vikilegea ndani ya furushi utavipata kwa kuchomwa.

Kikopo hicho hicho, kiwe kikubwa zaidi, ndicho dawa ya kofia ya Ijumaa. Kofia ya kitunga iliyoshonwa kwa mkono ikilaliwa na viatu hairudi kwenye umbo lake. Iingize kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, soksi zikae ndani yake kuijaza. Kanzu haina uzito, lakini weupe wake haujui msamaha. Iwe na mfuko wake peke yake, tena iwe ya mwisho kuingia, mbali kabisa na mpira wa tyubu.

Mambo hubadilika kidogo unapolala ugenini. Tuseme mnakwenda Bagamoyo Jumamosi mrudi Jumapili, kilomita sitini na kitu kupitia Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege. Wengi hufunga mzigo wa wiki. Nguo za safari hiyo ni seti mbili tu: ya njiani na ya jioni. Ukifika unaoga na jezi yako, yaani unaifua papo hapo, unaikamua, unaiviringisha ndani ya kanga kavu na kuikanyaga kwa miguu ili kanga inywe maji yaliyobaki, kisha unaianika penye upepo wa bahari. Asubuhi itakuwa kavu, au karibu na kavu, na dakika chache za barabarani zitamalizia. Pamba haikupi fursa hiyo. Jioni vaa kaptula na fulana nyepesi, au kikoi, na ndiyo hiyo hiyo ya kulalia. Kitu kimoja cha ziada kinachostahili nafasi yake ni koti jembamba la mvua, hata kama mbingu ni safi. Likikosa mvua litakuwa mto.

Gawa uzito pande mbili za keria, na kilicho kizito kikae chini. Baiskeli yenye begi upande mmoja inaendesheka, ila ukiiegemeza ukutani itaanguka kila mara, na ukisimama ghafla inakuvuta upande wake. Kabla ya Tegeta simama mara moja ukague mipira: mzigo hujipanga upya katika kilomita za kwanza, na kilichokazwa nyumbani huwa kimelegea.

Sasa umefika kazini, nguo ni kavu, mgongo umepigwa na upepo njia nzima. Usikimbilie kubadilisha. Mwendo ukisimama upepo unasimama nao, lakini mwili unaendelea kutoa jasho kwa dakika kumi au kumi na tano. Ukivaa shati safi wakati huo, kazi yote ya furushi imepotea. Funga baiskeli taratibu, kunywa maji, salimiana na walinzi, kaa kivulini. Ndipo uchukue kopo la maji na kitambaa ujifute kwapa, shingo, kifua na miguu kwa sabuni, ujikaushe kwa kanga na kuvaa. Jasho jipya halina harufu kubwa. Harufu huletwa na bakteria wanaolila likikaa kwenye ngozi na kwenye nguo, kwa hiyo kitambaa chenye sabuni kina faida kuliko manukato yaliyopuliziwa juu ya jasho.

Jezi iliyolowa itundike mahali penye hewa. Usiirudishe kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga mpaka saa kumi na moja. Utaukuta uvundo unaohamia kwenye nguo za kesho. Kama ofisi haina pa kutundika, ifunge juu ya keria yenyewe huko nje, imetandazwa na kubanwa kwa ule mpira, jua liifanyie kazi. Bosi asiyependa kuona jezi dirishani hatakuwa na la kusema kuhusu keria yako. Jioni vaa jezi hiyo hiyo, shati la kazini lirudi ndani ya furushi bila adabu ya asubuhi, maana linakwenda kufuliwa. Kesho yake utahitaji jezi nyingine kavu, kwa hiyo uwe nazo mbili, na masika ziwe tatu, kwa sababu siku hizo kamba ya kuanikia haikaushi kitu.